Habari imejaa miaka halafu eti SI mfuatano wa wakati?? Wadau nisaidieni kabla sijaenda shule kugombana

SpeaZaPikipiki_Ngamiani

Habari za usiku wadau. Mimi niko Ngamiani hapa Tanga nina kiduka cha spea, shule niliishia fomu foo na Kiswahili nilipata C kwa hiyo msinicheke sana. Nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, juzi karudi na daftari kanuna kama kaambiwa hakuna chakula, kumbe wamepewa zoezi la ufahamu, kuna habari fupi wakaulizwa imepangwa kwa mpangilio gani na watoe sababu, yeye kaandika MFUATANO WA WAKATI na sababu yake kaandika eti kwa kuwa ina miaka. Ticha kapiga kosa jekundu sufuri kati ya tano, pembeni kaandika "sababu na matokeo" basi, hakuna maelezo mengine.

Habari yenyewe naicopy hapa kutoka kwenye daftari lake:

"Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Miche hiyo ilistawi kwa kuwa hali ya hewa ya Tanga iliifaa, mashamba yakaenea na watu wengi wakaja kutafuta kazi. Kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Lakini kamba za plastiki zilipoingia sokoni bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, usimamizi ukalegea na mitambo ikachakaa. Uzalishaji ukashuka hadi chini ya tani 40,000, watu wakakosa kazi na mji ukapoa. Sasa juhudi zinafanywa kulifufua zao hili kupitia wakulima wadogo."

Sasa wadau nyie hesabuni wenyewe, 1893, 1964, 1967, halafu "sasa". Hiyo si wakati ni nini jamani? Yaani imeanza zamani ikaja ikaja mpaka leo. Mimi nimeisoma mara tatu na wateja wananisubiri dirishani naona mtoto yuko sahihi kabisa. Kesho nimepanga niende nikamuone ticha kistaarabu tu, lakini nikasema nianze kwanza huku msije mkaniambia nimejiaibisha.

Waja_Leo

Mkuu nenda. Miaka mitatu yote imepangwa kwenye mstari kama mabehewa na mtu anapata sufuri? Hata kama ni sababu na matokeo angempa hata mbili za jasho. Mtoto wa watu kalia bure.

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Kijana wangu subiri, usiende. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na ushee na hili kosa nimelisahihisha mpaka wino mwekundu ukaniisha, na wanaolifanya si wavivu, ni wale wanaosoma kwa makini wakaona namba wakazishika.

Ticha yuko sahihi. Ila alipokosea (nasema kwa heshima, mimi simjui) ni kuandika jibu bila kumwonyesha mtoto njia ya kulifikia.

Chanzo cha matatizo yote ni hii KA yetu. Kiswahili kina hii ka ya kufuatisha mambo, nikaenda, nikala, nikalala. Sasa tazama sentensi mbili:

Nilikwenda Deep Sea, nikanunua kibua, nikarudi nyumbani.

Mvua ilinyesha kutwa, barabara ikakatika, magari yakalala njiani.

Ka ni ileile ukiitazama kwa macho. Ila ya kwanza inapanga tu, kibua hakikusababishwa na kwenda. Ya pili imemeza sababu tumboni, hakuna mahali palipoandikwa "kwa sababu" lakini hakuna mtu atakayeuliza barabara ilikatwa na nani. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kutafuta maneno ya kiashiria peke yake, yale ya "kwa sababu", "matokeo yake", "hivyo basi", akikutana na habari ya Kiswahili cha kawaida kilichojaa ka atapotea, maana mwandishi mzuri hayamwagi hayo maneno kila mahali. Na LI-PO vilevile. "Kamba za plastiki zilipoingia sokoni" ukiisoma haraka unaona wakati, ukitulia unaona sababu.

Mimi nilikuwa nawapa kipimo kimoja cha kijinga sana. Chukua sentensi mbili zinazofuatana, katikati yake weka HALAFU, soma kwa sauti. Kisha toa halafu weka KWA HIYO, soma tena. Ipi imekaa?

Plastiki ikaingia sokoni, halafu bei ya mkonge ikaporomoka. Hapo inasikika kama vitu viwili vilikutana barabarani kwa bahati.

Plastiki ikaingia sokoni, kwa hiyo bei ya mkonge ikaporomoka. Imekaa.

Mitambo ikachakaa, kwa hiyo uzalishaji ukashuka. Imekaa. Uzalishaji ukashuka, kwa hiyo watu wakakosa kazi. Imekaa. Watu wakakosa kazi kwa hiyo mji ukapoa, hiyo hata kipofu anaiona, na sisi wa Tanga hatuhitaji kuambiwa.

Sasa fanya lingine, zifute tarehe zote tatu. Habari bado imesimama, unaelewa mkonge ulipanda vipi na ukaanguka kwa nini. Halafu rudisha tarehe, futa hizo sababu zote. Unabaki na miche 62, tani 230,000 na tani 40,000, namba tatu zinatazamana.

Ukitaka kuona habari ambayo kweli ni ya wakati chukua reli yetu. Ujenzi ulianzia hapa Tanga 1893, mwaka uleule wa mkonge, ikafika Muheza 1896, ikafika Korogwe 1902, ikafika Moshi 1911. Hebu weka "kwa hiyo" hapo katikati. Ikafika Muheza kwa hiyo ikafika Korogwe?? Halafu zifute tarehe uone kama kuna kinachobaki zaidi ya majina ya stesheni.

Waja_Leo

Duh. Shikamoo mwalimu, naondoa komenti yangu 😂 ila mabehewa yangu usiyaguse

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Marhaba. Mabehewa yako ni mazuri tu, ila ulihesabu mabehewa ukasahau kuuliza kichwa kinachovuta ni kipi.

Binti_wa_Korona

Mwalimu shikamoo. Mie kwa sasa niko Bagamoyo lakini nimezaliwa kambini shamba la mkonge njia ya Muheza, babu alikuja manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Songea hakurudi tena, kwa hiyo hii habari imenigusa nikasema lazima nichangie japo sijaombwa.

Kuna kitu kimoja watu huwa wanakichanganya na wakati nacho ni HATUA. Nikikueleza mkonge unavyotengenezwa, jani linakatwa, yanafungwa mafungu, yanapelekwa kwenye mashine ya korona, korona inakamua nyama ya jani zinabaki nyuzi, zinaoshwa, zinaanikwa juani, zikikauka zinapigwa brashi, zinapangwa kwa daraja ndo zinafungwa marobota. Hapo hakuna mwaka hata mmoja. Lakini huwezi kuhamisha sentensi hata moja, ukianika kabla ya korona umeharibu, jani likikaa sana tangu likatwe linakauka na nyuzi hazitoki vizuri, na kumbuka nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani zima kwa hiyo huna cha kuchezea.

Sasa hiyo ni tofauti na historia. Historia ilitokea mara moja ikaisha, Hindorf hatarudi tena na miche yake. Hatua zinarudiwa kila siku na yeyote, leo mama, kesho mie. Ndo maana historia utaikuta na LI na KA, ila hatua utazikuta na HU au NA au "unatakiwa uoshe". Mie shuleni nilikuwa naangalia kitenzi tu, nikiona hukatwa, huoshwa, huanikwa najua hapa naelekezwa kazi sisimuliwi.

Na mwalimu wa mdogo wako nadhani hakutaka kumuonea, ila sufuri kwa kweli inauma jamani, mie ningempa moja kwa kuona miaka ipo.

SpeaZaPikipiki_Ngamiani

Mwalimu shikamoo, dada wa korona asante sana. Nimekaa nimefanya hiyo ya halafu na kwa hiyo nikiwa peke yangu dukani, mteja kanikuta naongea mwenyewe kaniuliza kama niko salama. Nakubali, imekaa kwa hiyo karibu kote.

Lakini sikubali mara moja hivyo. Ule mstari wa mwisho je? "Sasa juhudi zinafanywa kulifufua zao". Si hapo kuna tatizo na suluhisho? Zao limekufa ndo tatizo, wakulima wadogo ndo suluhisho. Kwa nini ticha asiseme ni tatizo na suluhisho? Mi naona hawa watu wanajichagulia tu.

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Swali zuri, na hapo wengi hata walimu tunagombana stafruumu.

Marhaba. Sentensi moja mkiani haibadilishi mnyama. Angalia mwandishi kamwaga wino wapi. Sentensi tano sita kaeleza mkonge ulistawi kwa nini na ukaanguka kwa nini, halafu moja ya kufungia mlango. Ingekuwa ni tatizo na suluhisho ungeona nusu ya habari inashughulika na hao wakulima wadogo, wanapewa nini, wanasaidiwa vipi kupata korona, imefanya kazi au haikufanya. Kwenye sababu na matokeo mambo YANATOKEA. Kwenye tatizo na suluhisho kuna mtu ANAINGILIA. Mimi huuliza hivyo tu, kuna mtu kakunja mikono ya shati? Kama hakuna, usiseme suluhisho.

Habari moja inaweza kubeba mipangilio miwili mitatu ndani yake, kama nyumba ya Kiswahili ina vyumba na ina uwani na ina baraza. Kinachoulizwa huwa ni ule mpangilio mkuu, ulioshika nyumba yote. Hebu katazame swali limeandikwaje hasa, lina neno "mkuu"?

SpeaZaPikipiki_Ngamiani

...

Mwalimu nimeenda kuangalia. Limeandikwa "Taja mpangilio MKUU wa habari hii na utoe sababu moja." Mi niliwaandikia kwa kichwa sikulitia hilo neno. Basi yaishe, shuleni siendi tena.

Waja_Leo

😂😂😂 mkuu ungefika pale kifua mbele

Muuza_Kibua

Me swali langu, hiyo ya halafu na kwa hiyo inafanya kazi kila mahali? Maana kuna habari nilisoma ya silikanti, yule samaki wa ajabu wa huku kwetu, nikajaribu na hakuna kilichokaa. Inasema mapezi yake yana nyama kama vijimkono, magamba magumu, anakaa kina kirefu kwenye mapango, watu walijua kaisha duniani miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na huku Tanga kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nimeweka halafu, upuuzi. Nimeweka kwa hiyo, upuuzi zaidi. Mapezi yana nyama kwa hiyo magamba magumu??

Binti_wa_Korona

Hiyo ni MAELEZO tu kaka, inakuchorea kitu. Jaribu kuzichanganya sentensi kama karata, anza na magamba, maliza na mapezi. Kimeharibika nini? Hakuna, samaki ni yuleyule. Ukiweza kuchanganya karata na habari haijalia ujue ni maelezo. Kule kwa mkonge ukichanganya mji unapoa kabla ya miche kufika.

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Binti huyu angekuwa darasani kwangu ningemwachia chaki nikanywe chai.

Muuza Kibua umeuliza la maana sana. Kipimo kikikataa kote kuwili hiyo nayo ni habari tosha. Kingine kinachokataa ni ulinganishi, pale vitu viwili vinapowekwa ubavu kwa ubavu, hapo jaribu ILHALI. Silikanti mapezi yake yana nyama ilhali kibua mapezi yake ni utando na miiba. Imekaa, basi unalinganisha.

Na wala haya hatukuyabuni sisi kuwatesa watoto. Kuna Mmarekani Bonnie Meyer ameanza kuyachunguza miaka ya 1970, yeye huihesabu mitano, maelezo, mfuatano, sababu, tatizo na suluhisho, ulinganishi (wakati na hatua kazitia kapu moja la mfuatano, binti wa korona asikasirike). Mwaka 1980 na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa wanafunzi wa darasa la tisa huko kwao, waliwapa habari wasome kisha waandike wanachokumbuka. Waliofuata mpangilio wa mwandishi katika kukumbuka walikumbuka mengi kuliko waliookota pointi mojamoja kama mtu anayeokota kombe pwani. Kwa hiyo mwambie mdogo wako asilione zoezi hili ni la kupata tano tu, akikaa na kitabu cha historia au baiolojia ajiulize kwanza huyu mwandishi kanipangia vipi, aandike notsi zake kwa umbo hilohilo.

SpeaZaPikipiki_Ngamiani

Wadau nimerudi, samahani jana nilikuwa na mzigo wa spea kutoka Dar. Nimemsomea mdogo wangu posti zenu zote, kanuna kidogo aliposikia mwalimu kasema wanashika namba, halafu kakaa chini kaandika vipande vitatu kuhusu vita ya Tanga ya 1914, maana wanaisoma, kasema niwawekee humu bila majibu mtambue kila kimoja kimepangwaje. Naandika kama alivyoandika:

A. "Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza HMS Fox ilifika Tanga. Wanajeshi wakaanza kushuka upande wa Raskazone. Tarehe 4 wakasonga kuelekea mjini wakapigana. Tarehe 5 wakarudi melini."

B. "Waingereza walikuwa na askari kama 8,000 ilhali upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000. Wengi wa wale wa Waingereza walitoka India wakakaa melini wiki kadhaa, wale wa Wajerumani walikuwa Waafrika wengi na mazingira haya waliyazoea."

C. "Waingereza walichelewa kushuka na kuingia mjini. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Mji ukawa na walinzi, Waingereza wakashindwa kuuchukua."

Waja_Leo

A wakati. B sababu na matokeo kwa kuwa walichoka melini ndo wakapigwa. C wakati pia kuna ka nyingi

Muuza_Kibua

We Waja Leo umesoma posti za mwalimu au umepita tu 😂 C weka kwa hiyo. Walichelewa KWA HIYO jamaa akaleta askari. Imekaa hiyo. Sababu na matokeo.

Binti_wa_Korona

B ni ulinganishi, ilhali ile pale inakutazama. Hajasema popote kwamba walipigwa, hiyo umeitoa kichwani kwako kaka Waja.

Na mtoto kaniweza, hiyo C hakutia "kwa sababu" hata moja makusudi.

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

A wakati, B ulinganishi, C sababu na matokeo. Waja Leo hukukosea mbali, B ukiiongezea sentensi moja tu, "ndiyo maana walishindwa", inaanza kuhamia kwa C. Ila habari inahukumiwa kwa kilichoandikwa, si kwa kile tunachokijua sisi wa Tanga.

Mwambie binti nimempa tano kati ya tano. Na nampa swali. Vita ile hapa kwetu kila mtu anaikumbuka kwa nyuki, na yeye nyuki hajawataja kabisa. Awaingize, aniambie wanakaa wapi katika A, B na C.

SpeaZaPikipiki_Ngamiani

Mwalimu kajibu hapohapo hata hajamaliza ugali. Kasema kwenye A nyuki wanakaa tarehe 4, baada ya kupigana kuanza. Kwenye C wanakaa karibu na mwisho, "nyuki nao wakachafuka kwa risasi, vurugu ikazidi", na hapo kasema ka zake zote ni za kwa hiyo. Kwenye B kakwama, anasema hawana pa kukaa, kwa sababu kitabu chao kinasema nyuki waliuma pande zote mbili.